Nguzo za Majini Rubafu: Maisha ya Mzee Ildefons Karugendo, 1921–1977

Mzee Ildefons Karugendo, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Mei 1921 hapa Rubafu, katika kibanja cha baba yake, Mzee Mushumbusi, kilichokuwa ufukweni mwa ziwa. Alikuwa mtoto wa kwanza.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1936, kisha akaacha ili amsaidie baba yake kuvuna kahawa. Alikuwa na mwandiko mzuri. Kusema mbele za watu hakukupenda.

Tarehe 24 Agosti 1946 alifunga ndoa na Theopista Kokushubila wa Kanazi. Mama Theopista husimulia kwamba siku alipoletwa, bwana harusi alimwonesha kwanza ziwa, ndipo akamwonesha nyumba.

Kazi yake ilikuwa kilimo cha kahawa na migomba, pamoja na uvuvi. Katika miaka iliyofuata Uhuru ziwa lilijaa kuliko wazee walivyowahi kuona, na kufikia mwaka 1964 kibanja chote kilikuwa chini ya maji, nyumba na miti yake. Familia ilihamia kilimani. Miti ilikufa, ikaoza hadi usawa wa maji, visiki vikabaki vimejificha. Tarehe 3 Novemba 1966 mdogo wake, Clavery, akirudi na nyavu, aligonga kisiki cha mtoma, mti mkubwa uliokuwa mbele ya mlango wao. Mtumbwi ulipasuka, Clavery akazama.

Baada ya mazishi, marehemu alivitafuta visiki kwa upondo, kimoja kimoja. Penye kisiki alisimika nguzo ya mkaratusi, na juu yake akafunga majani ya mlamula, kwa sababu hayanyauki upesi na huonekana kwa mbali. Lakini mlamula ndio mmea tunaopandia mipaka ya vibanja. Mwaka 1974, kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa, mwenyekiti, Ndugu Ishengoma, alimwita kikaoni akamwambia kwamba wakati wa kujikatia ardhi umepita, na maji ni ya wote. Marehemu alijibu kwamba chini kuna visiki. Mustapha, mchuuzi wa samaki, akasema, "Huyu anangoja maji yashuke adai kibanja chake." Watu wakacheka, naye akaketi. Nguzo ziling'olewa.

Wakati huo wengi walikuwa wamehamishiwa kijijini kutoka juu, na ufukwe wa zamani hawakuujua. Marehemu hakubishana. Kila alfajiri aliufunga mtumbwi wake kwenye kisiki cha ule mtoma, akavua hapo hapo, hata mvua ikinyesha. Samaki hapo walikuwa haba. Mama Theopista alimwuliza kwa nini asiende kwenye samaki.

"Wenye mitumbwi wakinikwepa mimi, wameukwepa mti," alimjibu.

Oktoba 1976 alishikwa na kifua, akalazwa hospitali mjini Bukoba. Akiwa huko, boti ya kijiji, Ndugu Ishengoma akiwa ndani, iligonga kisiki kile kile cha mtoma. Wote waliokolewa. Ndugu Ishengoma alimletea mkungu wa ndizi, akasimama miguuni pa kitanda.

"Tata Ildefons, mimi nilidhani ni mipaka."

Marehemu alimwuliza kama wote walifika nchi kavu.

"Wote."

"Basi ngoja nitoke hapa, nikuoneshe na vingine."

Desemba alipelekwa majini akiwa amefungwa blanketi. Yeye alionesha kwa kidole, Mustapha akashika nguzo, Ndugu Ishengoma akazigongelea. Kilibaki kisiki cha mti uliokuwa nyuma ya jiko. Alisema atakionesha akishapumzika kidogo. Kifua kilimrudia, akafariki nyumbani tarehe 2 Februari 1977.

Ameacha mjane, mabinti wawili, Jovita wa Kahororo na Kokuhirwa wa Muleba, wajukuu, pamoja na watoto wa Clavery, aliowalea.

Mama Theopista amesema matanga yakiisha atapanda mtumbwi akakioneshe kisiki hicho mwenyewe, maana jiko lilikuwa lake. Hadi siku hiyo, ndugu mliokuja kwa mitumbwi mnaombwa mpite nje ya nguzo zote, hata kama ni mbali.

Mungu ampokee Ildefons, ampumzishe pamoja na mdogo wake.