Sikio la Kushoto la Fundi Nehemiah

Mchungaji, ndugu na majirani, mimi ni Thadeus, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya Nehemiah Mwandawiro, aliyezaliwa hapa Sagalla tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa tatu wa mama yetu Tryphena.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani hadi 1986, akajifunza umakanika Voi, na mwaka 1994 akafungua gereji yake, ambako wenye magari ya zamani ya michezo kutoka Uingereza, yale madogo yenye kabureta mbili, walimfuata hata kutoka Mombasa, kwa kuwa alitia ncha moja ya kipande cha mpira wa maji sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akageuza skrubu taratibu mpaka zote mbili zivute hewa kwa sauti moja.

Tarehe 7 Desemba 1996 alimwoa Pauline Mkamburi, wakajaliwa Wakesho na Griffin.

Kuhusu ugonjwa, kijitabu mlicho nacho kinasema aliugua sikio mwaka 2003. Hakuugua. Nilimpiga mimi kwa mpini wa jembe, tarehe 2 Novemba, tukigombania mpaka wa shamba, damu ikamtoka sikio la kushoto ikashuka hadi shingoni, akamwambia mama ameanguka, na upande huo hakusikia tena.

Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025 alikuwa kijijini Mata akijaribu MG, gari dogo la michezo la mteja wake, lisilo na namba kwa sababu lilikuwa bado linatengenezwa, akasimama kando ya barabara, akafungua boneti, akainama na mpira wake kwenye sikio la kulia. Vijana wakamuuliza gari ni la nani, wakamuuliza mara ya pili na ya tatu, naye hakugeuka, wakasema mwizi huyu ana kiburi, wakampiga kwa mawe na rungu, wakamvunja taya, mbavu na mikono yote miwili, mikono ile ya kazi, injini ikiendelea kunguruma, hadi mwenye gari alipofika akilia. Alifariki Jumamosi.

Watatu kati ya vijana hao wako ndani, na ni haki, lakini aliyeanza kumpiga ndiye huyu anayewasomea.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliochimba kaburi, mafundi wa Voi waliofunga gereji zao leo, na Pauline, aliyejua miaka yote hiyo na bado akanipakulia chakula.

Nehemiah, nimesimama kulia kwa jeneza, upande unaosikia. Nisamehe, mdogo wangu, upumzike kwa amani.