Ngamia wa Ukutani kwa Sirad

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko hapa Garissa, benchi moja ya mbao inayotazamana na kibanda cha maziwa cha Sirad. Kahawa ni ya tangawizi, ubishi ni wa bure. Jana siasa hatukuigusa, kwa sababu ukutani kwa Sirad kulikuwa na ngamia mpya, jike, mkubwa kuliko mlango, na Sirad kasema hamtaki. Dekow, mchoraji wetu, alikuwa amekaa nasi, mkebe wa rangi nyeupe miguuni. Alikuwa amepewa mpaka alasiri amfute. Na alikuwa ameapa kwamba akimfuta, brashi anazitupa, anakwenda Wajir kuuza simiti dukani kwa mjomba wake. Roho iliniuma, lakini kijiweni huruma huionyeshi.

— Shida ni shingo, alisema Chaja, yule anayechaji simu za watu. Hiyo ni twiga imekatwa miguu.

— Shingo iko sawa, alijibu Waziri, ambaye hajawahi kuajiriwa hata siku moja. Shida anatazama Nairobi. Ngamia ya maziwa inafaa kutazama malisho.

— Kwani ikitazama Nairobi maziwa inaganda?

— Inapanda bei.

— Mimi ni macho, nikasema. Ananitazama kama mama mkwe.

— Basi ndiye, akasema Chaja. Sirad amemtambua, anaogopa wateja watakimbia.

Dekow hakucheka.

— Wachoraji wenzangu wanatoa picha kwa simu, alisema. Mimi kila asubuhi niko soko la mifugo, nasimama, natazama. Wenye mali wananiuliza, warya, we kijana, unanunua ama unaiba? Shingo nimetoa kwa mmoja, macho kwa mwingine. Nundu niliiota.

— Ndiyo hiyo, akadakia Chaja. Nundu ya ndoto. Mtu akinywa hayo maziwa atalala kazini.

— Basi maofisini wameshayanywa, akasema Waziri.

Sirad akatoka kibandani, mikono kiunoni.

— Dekow, alasiri ndiyo hii. Nilitaka ngamia, wewe umeniletea kesi. Tangu asubuhi watu wanabishana, hakuna anayenunua.

Dekow akafungua mkebe, akachovya brashi. Hata Waziri aliinamia kikombe chake.

Hapo pikapu ya maziwa kutoka Bura ikasimama, akashuka mama mmoja mfugaji, Kaaha, na mitungi yake ya maziwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumletea Sirad. Aliitua chini, akaenda moja kwa moja ukutani, akaweka kiganja shavuni mwa yule ngamia. Kisha akatugeukia.

— Hii ngamia jina yake nani?

Chaja akamtazama Waziri. Waziri akanitazama mimi. Wafugaji humpa kila ngamia jike jina lake, hilo tunalijua sote, ila hakuna aliyewahi kuulizwa jina la picha. Dekow alisimama na brashi mkononi, rangi inamdondokea viatuni.

— Bado hajapata, eddo, alisema taratibu, kama anayemjibu shangazi yake.

— Mnyama mzuri hivi, na mnamwita vipi akipotea?

Sirad akasogea, akasimama kando ya mgeni wake, akamtazama ngamia kama ndiyo kwanza anamwona. Kisha akauchukua mkebe kwa Dekow, akaufunika.

— Hii rangi nitapaka choo, alisema. Wewe mtafutie jina, uandike hapo chini. Na ukuta wa nyuma uko wazi. Ngamia hakai peke yake.