Mama Rachida, Mwenye Kuuliza Mashini Kwanza

Niko na miaka sabini na nane. Nimezika mapatro wawili, wenye hii nyumba, nimechosha gurupu tatu, zile mashini za kuzalisha umeme, nimepita vita mbili, na barua ya kustaafu waliniletea mara mbili nikawaambia sioni vizuri. Basi njo mimi, Sudi wa gurupu, waliyemuomba aandike juu ya Mama Rachida. Nilisoma darasa tatu tu. Lakini katika nyumba hii ya biashara ya Bulaimu na Wana, nani anamujua kunishinda? Hakuna.

Mama Rachida, mushika-hesabu wetu, anaacha kazi Ijumaa tarehe 28 mwezi wa sita 2024, kisha miaka thelathini na tatu. Aliingia akiwa binti mwembamba, kalamu mbili ndani ya nywele. Mimi njo nilimuonyesha depo ya muchele na depo ya chumvi. Mengine alijifunza mwenyewe, namuachia hayo.

Watu wanamusifu sababu ya logisieli, ile programu ya hesabu iliyo ndani ya ordinateri, ni kusema kompyuta. Wanasahau kwamba akili yake ilianza kwa vitabu vya karatasi. Mwaka 1999 askari walioshika muji waliweka chumvi yao kwetu. Siku moja komanda akahesabu, akakosa magunia sita. Mwenye ufunguo nilikuwa mimi. Nilikwisha kukaa chini, viatu vimevuliwa, na wale waliokuwa marafiki zangu wakaangalia pembeni. Mama Rachida akaomba kitabu. Akakifungua polepole mbele ya bunduki, ukurasa kwa ukurasa, mupaka akapata kurasa mbili zilizoshikana kwa mawese. Magunia sita yalikuwa yameandikwa humo, yametoka kwa sahihi ya komanda mwenyewe. Komanda akasema nivae viatu. Mimi ni muntu wa kiburi, Kindu yote inajua, lakini siku hiyo nilishindwa kufunga kamba.

Ordinateri ilipofika 2011, Mama Rachida alibandika karatasi ukutani. Fundi wetu, Roger, anakaa Goma, na simu kwa Roger si ya bure. Akija kwa ndege, hapo njo utalia. Kwa hiyo karatasi ilisema: kabla ya kumuita Roger, andika maneno yote iliyoyasema mashini, usiongeze lako. Angalia nyuzi na umeme. Angalia tarehe na saa. Fanya nakala ya hesabu kwenye kle, kile kijiti cha kuchomeka. Halafu zima, washa mara moja tu, si mara kumi kama muntu anayegonga mulango wa mudeni. Na juu kabisa, kwa wino mwekundu: usiseme nani, sema nini.

Miaka mitatu iliyopita, karatasi hiyo iliokoa muntu. Mvua ilipiga usiku kucha, umeme ukakatika. Asubuhi mashini ikakataa kuandika hata fakture moja, ile karatasi ya kumulipisha muteja. Ikasema mwaka umefungwa. Patro Djamali, mutoto wa marehemu Bulaimu, akauliza nani alikuwa wa mwisho kwa mashini jana. Alikuwa Sandrine wa kesi, mupokea-feza wetu, mujane mwenye watoto wanne. Patro akasema basi ni yeye aliyefunga hesabu apate kuficha kitu, na aweke funguo mezani, aende kwake. Wabebaji wote walisikia. Sandrine hakulia. Alifungua funguo kiunoni, akaziweka mezani.

Mama Rachida hakuinuka kwenye kiti.

“Djamali mwanangu,” akasema, “mashini imesema mwaka umefungwa. Haijasema Sandrine. Ngoja tuiulize ni mwaka gani.”

Akatia miwani, akaweka kidole pembeni ya kioo cha mashini, kule chini inapokaa tarehe. Ilisema mwezi wa kwanza, 2011. Patro akasoma mara mbili. Mashini ilijiona iko zamani, mwaka ambao hesabu zake zilifungwa toka mbali, sasa ingeandika wapi? Jiwe lake la ndani, ile betri ndogo kama kifungo cha koti, lilikuwa limekufa. Umeme ukikatika, mashini inasahau siku. Mimi nilikuwa nimesema toka Pasaka kwamba saa ya ile kitu inachelewa. Nani alinisikiliza?

Nilipanda baiskeli mupaka kwa Kalume, mutengeneza saa wa sokoni, nikapata jiwe kwa nusu bei. Mama Rachida alikuwa amekwisha kufanya nakala. Tukazima, tukabadilisha, akaandika tarehe ya kweli. Hesabu zikafunguka, zote, na zile za Sandrine za jana zimenyooka kama mustari wa rula. Roger hakupigiwa simu.

Patro Djamali akaokota funguo mezani. Akazirudisha kwa Sandrine kwa mikono miwili, mbele ya wabebaji walewale, akaomba musamaha kwa sauti. Hiyo hauioni kila siku.

Toka siku ile Sandrine alikaa kando ya Mama Rachida kila jioni, akajifunza. Kuanzia Jumatatu kiti cha mushika-hesabu ni chake. Patro njo aliandika barua hiyo mwenyewe.

Mama Rachida, unakwenda Kibombo kwa dada yako Nuru, kwenye mashamba ya mupunga. Aksanti kwa miaka yote. Mungu akupe miguu mizima, jirani wasiopiga kelele, na mavuno ya kukuchosha. Mimi bado niko hapa kwa gurupu, ukipita usinipite.

Anayesema kwamba ninajipamba, amuulize Kalume kuhusu bei, amuulize Patro Djamali kuhusu funguo. Yale ya komanda, tuliobaki wa kuyasema ni wawili tu, mimi na Mama Rachida. Mumuulize kabla hajapanda gari.