Mbele ya Sanamu ya "Mama Hachezi"

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi wenzangu, na ninyi wanafunzi wenye maonyesho haya: nawasalimu nyote, na asiyenisikia vizuri aniwie radhi, sauti yangu imebaki kazini pamoja na nguvu zangu.

Nimeambiwa nitoe neno kwa niaba ya wazazi. Mzee aliyepangwa amepata dharura, na kina mama wakanisukuma mbele: "Nenda wewe, mwanao ndiye mwenye kazi kubwa kuliko wote." Shule mimi niliishia darasa la nne. Nitasema nilichokiona tu.

Mliambiwa mtengeneze kitu kuhusu mchezo wa nyumbani kwenu. Nimezunguka ukumbi mzima. Nimeona bembea ya tairi imezungushiwa kamba nyekundu. Nimeona mpira wa matambara umefungiwa ndani ya kioo, umelazwa juu ya kitambaa cheupe, nikamwuliza aliyeutengeneza, "Baba, marehemu anazikwa saa ngapi?" Akacheka, akasema, "Mama, huu ni wa kutazama." Ni kazi nzuri, mwanangu, mishono imetulia. Lakini mtoto mdogo wa mgeni mmoja amechapwa kofi mkononi mbele ya macho yangu kwa kuusogelea. Mchezo ambao mtoto haruhusiwi kuugusa, tuuiteje? Sijui, nauliza.

Yuko binti aliyechora wadogo zake wakiruka kamba. Huyo nampa mkono, maana amewachora wakigombana. Watoto wakicheza bila kugombana, ujue kuna mgonjwa ndani.

Sasa nifike pale nilipokuwa napakwepa. Kwenye kona ile kuna kiti, na juu ya kiti mwanamke wa matambara. Amelala vivyo hivyo ameketi, sare ya kazi mwilini, viatu vya kazini miguuni, mdomo wazi. Chini pameandikwa: Mama Hachezi. Yule ni mimi. Na sare ile ni yangu, nimeitafuta wiki nzima! Kila anayepita ananipa pole kama nimefiwa.

Mwanangu, usiinamishe kichwa, sijakasirika. Umenipata. Hata lile bega langu moja linaloshuka umeliona. Kweli nachoka. Ningeweza kudanganya, lakini watu wote hapa wananiona nilivyoegemea meza.

Ila mwalimu wako wa sanaa amenishika mlangoni leo, akaniambia jambo ambalo hukuniambia. Kwamba chuo cha sanaa kimekupa nafasi, nawe umeikataa. Kwamba umemwambia, "Nitakwenda kufua mahali pa mama, ili apumzike." Wazazi wenzangu, mtoto akisema hivyo unafanya nini? Unafurahi, au unakaa chini ulie? Mimi nimefanya yote mawili kule msalani, kisha nikanawa uso nikaja.

Basi niikosoe kazi yako, kwani ndicho nilichoitiwa. Mwanangu, wewe unanijua kuanzia mlangoni kwetu. Chumba cha kufulia cha hoteli ninayofanyia kazi hujawahi kukikanyaga. Kule mashuka makubwa tunayakunja wawili wawili, mmoja huku, mwenzake kule, tunavutana. Atakayeponyokwa na ncha kwanza ndiye bibi harusi mpaka jioni: anafunikwa foronya kichwani, na jina lake jingine halitajwi. Juzi msimamizi kaingia, kamkuta Mama Mapovu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, kajitanda foronya anapiga pasi.

"Ni nini hiki?"

"Ni ndoa, bosi," nikamjibu.

Akataka kununa, akashindwa. Mama Mapovu akanigeukia: "Cheka tu, shoga! Kesho nakuoza wewe." Na kesho yake akanioza kweli, mwanamke yule ana mikono kama koleo.

Kwa hiyo sanamu yako ni nzuri, ila maneno yaliyo chini yake si ya kweli. Mama anacheza. Anacheza mbali nawe, halafu wewe unaletewa makapi yake jioni. Hilo linaniuma, sitaficha. Lakini ukija kunishikia shuka ili mimi nikae nyumbani, utakuwa umenipumzisha kazi na kuninyang'anya mchezo kwa mkupuo mmoja. Nitakaa kitini kutwa, mdomo wazi, kama ulivyonishona. Ndicho unachonitakia, mama yangu?

Uchovu huu ni wangu, nimeuzoea kama mtu na nduguye. Wewe nenda ukachoke kwako. Kajichome sindano, kajipake rangi mpaka kwenye nyusi, urudi umenuna kwa sababu kitu kimekataa kusimama. Mimi nitakuuliza, "Vipi leo?" nawe utanijibu, "Niache, mama, nimechoka." Nitafurahi siku hiyo.

Mheshimiwa, unisamehe, nimegeuza sherehe kuwa kikao cha ukoo. Walimu, ahsanteni kwa kutulelea. Wanafunzi, mmefanya kazi.

Nawe mwanangu, naona unafuta machozi kwa kiganja. Mwalimu wako yule pale dirishani, jibu lako bado hajalipeleka, na chuo kinalitaka leo. Mwendee. Usinitazame mimi, mtazame yeye.

Haya, anakwenda. Mpisheni njia, jamani.

Nawashukuru kwa masikio yenu.