Bega la Wilbard Mgonja na Kitako cha Mninga

Ndugu, majirani na marafiki mliopanda mlima asubuhi hii kuja Kighare, asanteni. Wasifu huu umeandikwa na watoto wa marehemu, na unasomwa na binti yake mkubwa, Justa. Mama yetu, Doris, aliusikiliza wote jana akaruhusu kila kilichomo.

Marehemu Wilbard Eliezeri Mgonja alizaliwa hapa Kighare tarehe 17 Mei 1941, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Eliezeri Mgonja na Bibi Veneranda. Bibi alikuwa akisimulia kwamba mwanawe alitembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona amekaa kwa hiari yake.

Alianza shule mwaka 1950 na kumaliza darasa la nane mwaka 1957. Alipenda hesabu na useremala. Mwalimu alimruhusu kusimama nyuma na kuandikia dirishani, kwa sababu akikaa dawati lilitikisika mpaka mwenzake akashindwa kuandika. Baada ya shule aliuza dukani kwa mjomba wake, akaacha. Akabeba mizigo stesheni ya Lembeni, akaacha. Akakata mkonge msimu mmoja, akaacha.

Mwaka 1964 aliajiriwa kuwa askari wa wanyamapori, akapangiwa nyika ya Same. Kazi ya kutembea kutwa ilimfaa. Huko ndiko ilikogundulika kwamba ana shabaha, na kuanzia mwaka 1970 aliwakilisha kikosi chake kwenye mashindano. Wenzake walishangaa kuona mtu asiyetulia popote anatulia kabisa akishika bunduki. Mwenyewe aliwajibu, "Hapo ndipo kichwa changu kinaponyamaza."

Tarehe 22 Juni 1968 alifunga ndoa na Doris Hezroni wa Kihurio, fundi cherehani. Walijaliwa watoto watatu: Justa, Bahati na Hedwiga.

Septemba 1981 Landrova ya doria ilipinduka naye akiwemo. Mfupa wa bega la kulia uliunga vibaya, bega likawa fupi na likashuka. Bunduki za kazini hazikumkaa tena, akahamishiwa ghalani kuhesabu mahema na majembe. Ilikuwa miaka ya kupanga foleni ya sabuni na sukari, na watu wengi walimwambia ashukuru kuwa na kazi. Alishukuru, lakini jioni alizunguka nyumba kama mtu aliyepoteza kitu. Aling'oa milango mizima akaipachika upya.

Mwaka 1986 meneja mmoja wa shamba la mkonge, aliyekuwa akirudi kwao, alimuuzia kwa kibali cha polisi bunduki ya shabaha ya risasi ndogo. Mtutu ulikuwa mzima. Kitako, yaani ule mti unaobeba mtutu na kukaa begani, kilikuwa kimeliwa na mchwa. Kwanza alinunua kitako kuukuu kwa mlinzi mstaafu wa reli pale Lembeni. Kilikuwa cha bei nafuu, lakini kilichongwa kwa ajili ya mtu mrefu. Alipokipunguza ili kimfae, kikapasuka shingoni.

Wakati huo biashara ilikuwa imeanza kufunguliwa, na maduka ya Same yalianza kujaa vitu ambavyo hatukuwa tumeviona kwa miaka. Mfanyabiashara Mbaraka Hamdani, rafiki wa marehemu, alimwambia, "Nairobi kuna vya plastiki. Mchwa hawavili, mvua haivipindi. Nitakuagizia, vibali nitafuata mwenyewe. Ila bei yake, kaka, ni mshahara wako wa miezi saba."

Marehemu hakuwa na fedha hizo. Kwa wiki kadhaa alikwenda dukani kwa Mbaraka na kurudi, akaenda na kurudi. Novemba 1987, mama alipokuwa kanisani, marehemu aliibeba cherehani akaondoka nayo.

"Cherehani iko wapi?" mama aliuliza aliporudi.

"Kwa Mbaraka."

"Imeharibika?"

"Nimeiuza."

 Mama alimchukua Hedwiga, akapanda basi kwenda kwao Kihurio.

Siku ya tatu marehemu alikwenda dukani, akaomba oda ifutwe. Mbaraka akamwonyesha cherehani ikiwa stoo, imefunikwa khanga. "Sikuagiza chochote," alisema. "Shemeji kanishonea kanzu zangu zote. Nilijua utarudi, ila umechelewa."

Alifika Kihurio alasiri, cherehani ikiwa juu ya bega lake la kushoto. Mama na babu Hezroni, ambaye alikuwa seremala, walikuwa wanaanika mpunga. Alimwamkia babu shikamoo, akatua mzigo.

"Marahaba. Kaa," babu alisema.

"Siwezi, baba."

"Basi sema ukiwa umesimama."

"Nimekosa, Doris," alisema. "Nilitaka kuwa yule niliyekuwa kabla ya ajali. Sikufikiri kwamba nakunyang'anya kazi yako."

Mama aliendelea kugeuza mpunga. Kisha akauliza, "Hicho cha plastiki kimepimwa bega la nani?"

Marehemu aligusa bega lake la kulia.

"Nimekushonea mashati tangu uumie. Bega lako la kulia ni fupi kwa inchi moja na robo, na limeshuka vidole viwili. Huko Nairobi nani anayajua hayo? Ungeniuliza mimi."

Babu aliingia ndani akatoka na ubao wa mninga, uliokuwa umekauka darini miaka kumi na moja ukisubiri kuwa mlango. Mama akachukua futi yake ya ushonaji, akampima marehemu kama anayepima koti: kutoka bega hadi kidole cha kufyatulia, kutoka shavu hadi jicho.

Marehemu alikichonga kitako mwenyewe kwa wiki sita. Alikipaka chuma masizi, akakilaza juu ya mti, na palipoachwa weusi akapunguza, akirudia mpaka chuma kikalala sawasawa. Chini ya mtutu aliacha nafasi ya karatasi moja kupita, ili mti ukivimba kwa mvua usiuguse. Agosti 1988, kwenye mashindano ya Moshi, alishika nafasi ya pili kati ya walengaji thelathini na mmoja. Aliporudi mama alimuuliza kama kitako kilimkaa. Alijibu, "Kama shati."

Mwaka 1993 alipunguzwa kazini pamoja na wengi. Akaomba leseni ya ufundi, akawachongea vitako walengaji wa Moshi na Arusha wasioweza bei ya vile vya nje. Kila mteja alipimwa kwanza na mama.

Machi 1997 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Kulala kulimsumbua kuliko maumivu. Tulikihamisha kitanda chake chumba hadi chumba, mara sita, kwa maombi yake. Alifariki nyumbani Same, Jumatano tarehe 12 Agosti 1998, saa nne asubuhi, mama akimfunga vifungo vya shati.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne na ndugu watano. Baba, tulikuzoea ukiwa njiani. Mungu akupokee, na akupe utulivu ambao kwetu uliupata kwa dakika chache chache tu.