Kichupa Kilichoganda Mkononi mwa Mama

Mpendwa wetu, mdogo wangu na kitindamimba wa nyumba yetu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, alikofanya kazi marehemu baba. Mama alikuwa mshonaji. Kwa jinsi mdogo wangu alivyokuwa akiongea haraka bila kupumzika, tulimwita Cherehani, jina ambalo hakulipenda hata siku moja.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza mwaka 1997. Likizo moja nilimwachia mwanangu mchanga. Niliporudi nilimkuta mtoto yuko uchi kitandani anacheka, na mama yake mdogo amepiga magoti mbele ya beseni. Alikuwa amepasua nepi zote ili aone kitu gani ndani yake kinanyonya maji. Nilimgombeza mpaka majirani wakatoka nje. Hakunisikia, alikuwa anatazama chembe za ndani ya nepi zikivimba majini.

Chembe hizo ndizo zilizompeleka chuo kikuu. Alipata shahada ya uzamivu katika kemia mwaka 2009, akabaki maabara hadi alipougua. Alitengeneza jeli ya kubebea dawa. Ikiwa baridi hutiririka kama maji. Ikipata joto la mwili huganda pale ilipodungwa, ikaachia dawa kidogo kidogo, ili mgonjwa asichomwe sindano kila siku. Wageni wakija nyumbani alitoa kichupa kwenye friji, akakifumbata kidogo, akakipindua juu chini. Jeli ilibaki palepale, na wakwe wakapiga makofi kama wameona mazingaombwe.

Tarehe 6 Agosti 2011 alifunga ndoa na fundi friji wa maabara hiyo. Shemeji mwenyewe anakiri kwamba mara ya tatu alipoitwa, friji haikuwa na hitilafu yoyote. Walijaliwa binti mmoja.

Mwaka 2022 misuli ya moyo wake ilianza kulegea. Dawa zilimpunguzia maji mwilini tu, na madaktari walituambia wazi kwamba hawana la kufanya zaidi. Mama hakukubali. Alimng'ang'ania ajidunge ile jeli yake, na sisi wengine, nasema ukweli, tulinyamaza tukingoja akubali.

“Chombo ninacho, mama,” alimjibu. “Dawa ya kuweka ndani ndiyo haipo.”

Wiki yake ya mwisho hospitalini aliomba aletewe kichupa chake cha jeli. Alikifumbata muda mrefu, kisha akakipindua. Jeli ikateremka kama maji. Mikono yake ilikuwa imepoa mno, na kila mmoja wetu akatafuta pa kutazama. Mama akakichukua, akakifumbata kwa mikono yake yote miwili, akakipindua. Iliganda.

“Umeona?” mama alimwambia. “Inafanya kazi.”

“Inafanya, mama,” alisema, akafumba macho.

Alifariki asubuhi ya tarehe 19 Februari 2024, wadini, tukiwa tumemzunguka kitandani. Tulikuwa wengi chumbani, na hakuna aliyeweza kufanya kitu.

Ameacha mume, binti, mama, mimi dada yake, na mpwa mmoja, yule wa nepi. Kila asubuhi mama bado anakitoa kichupa kile kwenye friji na kukifumbata hadi jeli igande, halafu anatuonyesha.

Pumzika, Cherehani wetu. Amani iwe nawe.