Laptop ya Mama Tekla na Kitambaa Chake

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Tekla Yoakimu anastaafu baada ya kuwa katibu muhtasi wa shule yetu ya sekondari, hapa Bashay, kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mwalimu wa kompyuta, niandike wasifu wake kwa lugha ya furaha. Nitajitahidi. Lakini mama huyu amenitesa, na siwezi kula pilau la kumuaga kabla sijalisema hilo.

Alianza kazi na taipureta, akahamia kompyuta ya mezani, na vyote alivifumia vitambaa. Redio ya ofisini ina kitambaa, printa ina kitambaa, chupa ya chai ina sweta. Mimi nilipofika kwenye baridi ya hapa kutoka Basotu na shati la mikono mifupi, aliitikia shikamoo yangu, akanitazama juu hadi chini, na baada ya wiki mbili nikawa na sweta. Rangi sikuichagua.

Julai mwaka jana alikuwa anaingiza alama za maendeleo za kidato cha nne kwenye laptop mpya ya shule. Mtahiniwa ambaye alama zake hazikutumwa kwa wakati angeweza kuzuiliwa matokeo, kwa hiyo hapakuwa na mchezo. Laptop nayo ikachagua wiki hizo kuanza kuzima. Inafanya kazi kidogo, inaganda, skrini inakuwa bluu, ikiwaka tena inadai haina diski. Mama Tekla anaanza upya darasa zima.

Niliipeleka maabara ya kompyuta nikasafisha virusi. Ikafanya kazi siku nzima bila tatizo, nikairudisha, ikazima kabla ya chai. Nikapiga windo upya, yaani nikasakinisha Windows tena. Nikabadilisha kumbukumbu ya RAM, nikabadilisha chaja, nikaulaumu umeme. Kila mara kwangu ni nzima, kwake inakufa. Nikaipeleka kwa bodaboda hadi Mbulu mjini kwa fundi Herman, akaiendesha kutwa, haikuzima hata mara moja. Herman akasema, "Ungeniletea na mwenyewe." Nilikasirika njia nzima ya kurudi.

Siku ya mwisho ya kutuma alama ilipokaribia, nikagoma kuibeba tena. Nikaketi ofisini kwake tangu asubuhi, nikifuatilia joto la laptop kwenye programu. Kila alipohifadhi kazi, joto la diski lilipanda na halikushuka. Nikainyanyua, kidogo niungue vidole. Ilikuwa imekalishwa juu ya kitambaa kizito cha sufu, kimekunjwa mara mbili, kimeziba matundu yote ya hewa chini. Diski ilikuwa inaiva pale taratibu. Akitoka kwenda chai, huifunika na kingine juu ikiwa inawaka. Nilikuwa nimeingia ofisi ile mara ngapi, na kitambaa sikukiona, kwa sababu mle ndani kila kitu kina kitambaa. Na kila nilipokuja kuichukua, alikiondoa kwanza ili kisichafuke maabara.

Nikamwuliza kwa nini. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwalimu, baridi yote hii? Hata wewe umevaa sweta."

Nilikuwa nimeivaa kweli.

Tukaiweka juu ya vipande viwili vya mbao, wazi. Haikuzima tena. Alama za watoto wote zilitumwa ndani ya muda, na Mama Tekla aliyakagua majina moja moja kabla ya kuniruhusu nibonyeze. Kisha akaifunika. Tangu siku hiyo tumegombana kwa adabu mwaka mzima: asubuhi nakiondoa kitambaa, baada ya chai kimerudi. Nimemwekea tangazo ukutani. Amelifumia pindo.

Wiki hii amekabidhi ofisi na kufungasha vitambaa vyake vyote. Jana niliingia kukiondoa kile cha laptop kama kawaida yangu, nikakuta laptop iko peke yake mezani, wazi. Laptop inafanya kazi vizuri, diski iko poa. Nilisimama pale na sweta yangu ya rangi nisiyoichagua, na ofisi ilikuwa na baridi kuliko nilivyowahi kuiona. Sikufurahi hata kidogo.

Asante kwa yote, Mama Tekla. Tunakuombea afya, wajukuu wengi wa kuwafumia, na uzi usikuishie. Simu yako tu, nakusihi, usiifunike.

Mwl. Gidion